John Poyer: Gavana aliyefunga bandari mwaka 1918, mafua yasiue hata mtu mmoja

Mwaka 1918 ugonjwa wa mafua ulizunguka dunia nzima na kuua mamilioni ya watu. Uliingia Mombasa kwa njia ya bahari Septemba mwaka huo, na karibu kila bandari duniani ilipata zamu yake. Visiwa vya Samoa ya Marekani, katikati ya Bahari ya Pasifiki, havikuzika hata mtu mmoja kwa ugonjwa huo.

Jirani zao wa Samoa Magharibi, watu wa lugha moja na damu moja, walizika watu wapatao 8,500 katika muda wa wiki chache. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano.

Kutoka Apia upande wa magharibi hadi Pago Pago upande wa Marekani ni karibu kilomita 125 tu. Kilichofanya pande hizo mbili ziwe na hatima tofauti ni namna meli zilivyopokelewa bandarini, na hapo ndipo jina la John Martin Poyer linapoingia.

Mstaafu aliyerudishwa kazini

Poyer alizaliwa mwaka 1861 na akawa ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani. Alistaafu mwaka 1906 kwa sababu za kiafya. Kwa hesabu za kawaida, habari zake zingeishia hapo.

Lakini Machi 1915, akiwa na miaka 50 na kitu, alirudishwa kazini na kupelekwa Pago Pago kuwa gavana. Wakati huo Samoa ya Marekani ilitawaliwa na jeshi la wanamaji, tangu bendera ilipopandishwa Aprili 1900. Marekani ilipapenda kwa sababu ya ghuba yake: maji marefu, milima pande zote, meli za kivita zinaingia na kujaza makaa ya mawe bila taabu.

Gavana wa huko hakuwa mtu mdogo. Alitunga sheria, alizisimamia, na hakuna raia aliyempigia kura. Wasamoa walikuwa na wazee wao wa koo, wanaoitwa matai, lakini neno la mwisho lilikuwa la mwanajeshi. Ni utawala wa kikoloni kama mwingine wowote, na tusiupambe. Miaka michache baadaye Wasamoa hao hao waliinuka kuupinga.

Poyer alikuta visiwa vya Manu'a vimepigwa na kimbunga Januari ya mwaka huo, na uchumi ukitegemea mbata. Idadi ya watu haikuwa kubwa: sensa ya 1920 ilihesabu watu 8,056. Kwa idadi hiyo, ugonjwa mmoja mbaya ungeweza kufuta vijiji vizima.

Meli iliyoitwa Talune

Kule upande wa pili mambo yalikuwa hivi. Samoa Magharibi ilikuwa koloni la Ujerumani mpaka Agosti 1914, New Zealand ilipoichukua mwanzoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Aliyeitawala alikuwa Kanali Robert Logan.

Tarehe 7 Novemba 1918 meli ya Talune iliingia Apia ikitokea Auckland. Ndani yake kulikuwa na wagonjwa. Njiani ilikuwa imesimama Fiji, na huko iliwekwa chini ya karantini. Apia hawakuambiwa hilo. Daktari wa bandari akaruhusu abiria washuke, wakiwemo waliokuwa wanaumwa.

Siku saba tu, na ugonjwa ulikuwa umeenea kisiwa kizima cha Upolu, kisha ukavuka hadi Savai'i. Nyumba zilikosa mtu wa kuchota maji wala kupika, maana wote walikuwa wamelala. Maiti zilikusanywa kwa malori na kuzikwa pamoja katika makaburi ya halaiki, mojawapo likiwa Vaimea, mjini Apia. Walioondoka zaidi ni watu wazima wenye nguvu, pamoja na matai waliokuwa wamebeba historia ya koo zao kichwani.

Talune yenyewe iliendelea na safari yake hadi Tonga, na huko nako watu wakafa wengi.

Alifanya nini Poyer?

Poyer alikuwa anafuatilia habari za dunia kwa redio ya jeshi. Alijua mafua yanaua, na hakusubiri mgonjwa wa kwanza afike ndipo achukue hatua. Aliweka karantini.

Meli iliyofika Pago Pago haikuruhusiwa kumwaga watu gatini hivi hivi. Waliotoka sehemu yenye ugonjwa walizuiwa kwa siku kadhaa chini ya uangalizi, na atakayeonyesha dalili hachangamani na watu. Kinga nyingine hazikuwepo. Chanjo ya mafua ilikuwa haijapatikana bado, na madaktari wenyewe walikuwa hawajakijua kirusi kinachoyaleta. Silaha pekee ilikuwa kumweka mgonjwa mbali na mzima.

Meli kubwa ni rahisi kuidhibiti kwa sababu inaonekana. Inatoa moshi, inahitaji kina, inapita mlango mmoja wa ghuba. Kazi ngumu ilikuwa mashua na ngalawa. Watu wa Tutuila na Upolu walikuwa wameoana na walizikana, na walitembeleana kwa makasia tangu zamani, kabla Mzungu hajaja na mpaka wake. Msiba ukitokea Upolu, mtu wa Tutuila anataka kwenda. Na mgonjwa wa Upolu anataka kukimbilia kwa shangazi yake Tutuila. Utamzuiaje mtu wa namna hiyo usiku, kwenye ufuo usio na taa?

Askari wachache wa gavana wasingetosha. Kilichowezekana kilitokana na Wasamoa wenyewe. Wazee wa vijiji walikubali, wakaweka zamu za kulinda fukwe, na mashua zilizotokea magharibi zikarudishwa. Wakati mwingine waliorudishwa ni jamaa zao wa damu. Habari za Poyer zinaposimuliwa sehemu hii hurukwa haraka, ilhali amri ya gavana bila wale walinzi wa ufukweni ingebaki karatasi tu.

Ugomvi wa barua na redio

Hatua hiyo haikumfurahisha Logan. Pago Pago ilipoizuia kwa karantini mashua ya barua iliyotoka upande wake, alikasirika na kuamuru mawasiliano ya redio kati ya pande mbili yakatwe. Hapo watu wake walikuwa wanakufa.

Kabla ya hapo Poyer alikuwa ametuma ujumbe kupitia kwa mwakilishi wa Marekani aliyekuwa Apia, akiuliza kama msaada unahitajika. Pago Pago palikuwa na madaktari wa jeshi waliokuwa tayari. Ujumbe ulimfikia Logan, naye hakuufanyia kazi.

Mwaka 1919 New Zealand iliunda tume kuchunguza maafa hayo, na kosa la kuiachia Talune likawekwa wazi. Logan aliondoka Samoa mwaka huo huo na hakurudi. Hasira ya msiba ilibaki, na ikachangia vuguvugu la Mau lililodai uhuru wa Samoa. Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliomba radhi rasmi kwa Wasamoa mwaka 2002, miaka 84 baada ya meli ile kutia nanga.

Baada ya hapo

Poyer alimaliza kazi yake Juni 1919 baada ya miaka minne na ushee. Karantini haikuondoka naye; masharti yaliendelea hadi 1920, maana ugonjwa ulikuwa bado unazunguka bandari za Pasifiki. Mtu angeweza kuchoka baada ya miezi miwili mitatu, hasa biashara ya mbata ilipodai meli, lakini hawakulegeza.

Marekani ilimtunuku Msalaba wa Jeshi la Wanamaji, nishani ya hadhi ya juu ambayo wengi huipata kwa vita. Yeye aliipata kwa kuzuia meli.

Alifariki Mei 1922, akiwa na miaka 60 au 61. Huko Tutuila shule ya serikali ilipewa jina lake. Majina ya wale waliokesha ufukweni hayakuandikwa kwenye nishani yoyote.