Niko Tinbergen, aliyempima kunguru kwa maganda ya mayai

Kifaranga wa shakwe kichwa-cheusi akishaanguliwa, mzazi hulibeba ganda tupu kwa mdomo, huruka nalo na kulitupa mbali. Safari hiyo ni fupi, lakini huacha kiota bila mlinzi. Kwa nini awahatarishe watoto kwa ajili ya takataka?

Swali hilo lilimsumbua Nikolaas Tinbergen, aliyezaliwa The Hague, Uholanzi, mwaka 1907. Shuleni hakung'ara, moyo wake ulikuwa ufukweni kwa ndege. Alifundisha Leiden, na Wajerumani wakaiteka nchi. Kwa kupinga kufukuzwa kwa wahadhiri Wayahudi, aliwekwa kambini kama mateka mwaka 1942 na kukaa huko miaka miwili. Mwaka 1949 alihamia Oxford, Uingereza.

Huko Ravenglass, kwenye vilima vya mchanga vya pwani, yeye na wanafunzi wake walitandaza mayai na kuweka ganda lililovunjika kando ya kila yai. Kisha wakawaachia kunguru na shakwe wezi. Ganda lilipokuwa sentimita 15 kutoka kwa yai, mayai 63 kati ya 150 yaliliwa. Kwa mita moja yaliliwa 48, na kwa mita mbili 32. Weupe wa ndani ya ganda ndio uliokuwa ukimwita mwizi.

Mbona basi shakwe halitupi papo hapo, bali husubiri hadi kifaranga akauke? Kwa sababu majirani zake hula vifaranga wabichi, na mwenye manyoya makavu si rahisi kummeza. Hatari ni mbili, na ndege hupita katikati.

Baadaye walimpima kunguru mwenyewe anavyopekua. Akipata yai moja, huzidi kutafuta palepale. Kwa hiyo mayai yaliyotawanywa yalipona kuliko yaliyosongamana.

Mwaka 1973 Tinbergen, Konrad Lorenz na Karl von Frisch walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyejulikana kwa kutibu wagonjwa. Yeye mwenyewe aliteswa na sonona kwa miaka mingi. Alifariki Desemba 1988.

Hans Kruuk, mmoja wa vijana waliotandaza mayai yale, alikwenda Serengeti, Tanzania, katika miaka ya 1960. Huko aliwafuata fisi usiku, akihesabu wanachokula.