John Snow na Kisima cha Broad Street

John Snow alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa York, Uingereza. Baba yake alikuwa kibarua, naye John alikuwa wa kwanza kati ya watoto tisa. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi ya uganga. Huko aliwauguza wachimbaji wa makaa ya mawe waliopatwa na kipindupindu.

Siku zile madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa yenye kunuka. Snow, aliyekuwa daktari mjini London, hakukubaliana nao. Aliona kwamba ugonjwa huo huanzia tumboni, kwa kuhara na kutapika, wala si mapafuni. Kwa hiyo alifikiri kwamba humezwa pamoja na maji. Aliandika hayo mwaka 1849, lakini ni wachache waliomsadiki.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka ghafula katika eneo la Soho, London. Kwa muda wa siku kumi watu zaidi ya 500 walikufa. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza mahali marehemu walipokuwa wakiteka maji. Akagundua kwamba wengi wao walikunywa maji ya kisima cha bomba cha Broad Street. Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535. Humo walikufa watano tu, kwa sababu nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Lakini mjane mmoja aliyekaa mbali, huko Hampstead, aliyapenda maji ya Broad Street na kuletewa kwake. Naye akafa.

Snow aliwaeleza wakuu wa mtaa habari hizo. Tarehe 8 Septemba wakauondoa mpini wa bomba, watu wasiweze kuteka tena. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, kwani wengi walikuwa wamehama. Hata hivyo, maji yale hayakuweza tena kumdhuru mtu. Baadaye ilionekana kwamba kuta za shimo la uchafu wa choo lililokuwa karibu na kisima zilikuwa zimebomoka, na uchafu ukipenya udongoni hadi majini.

Snow alifariki mwaka 1858. Mwaka 1884 Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alieleza vijidudu viletavyo kipindupindu, na ukweli wa Snow ukadhihirika.

Hata leo kipindupindu huua watu mahali pasipo maji safi wala vyoo bora. Kwa hiyo choo kichimbwe mbali na kisima, nacho kisima kifunikwe. Maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula.

Maswali
1. Kwa nini watu wengi wa nyumba ya maskini walisalimika?
2. Kifo cha mjane wa Hampstead kilionyesha nini?
3. Chunguzeni kisima kilicho karibu na shule yenu. Je, choo kiko umbali gani kutoka hapo?