Chuma Aliyekataa Kuishia Tabora



Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, msafara uliotoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo haukuwa na kibao cha barabarani. Njia ilikuwa ya mguu, mtu nyuma ya mtu, na katika pori la miombo ilipasuka mara kwa mara. Kirangozi, yule aliyetangulia, akifika njia panda aliweka tawi bichi au alichora mstari kwa mguu wake kuikata njia isiyofaa, kisha akaendelea. Waliokuwa nyuma, wenye mizigo vichwani, waliona tawi wakajua: si huku. Mimi hunifurahisha kwamba hakuipamba njia iliyo sahihi. Aliifunga ile ya kupotea, basi.

Leo tumkumbuke James Chuma, ambaye wengi tunamtaja haraka, Chuma na Susi, kana kwamba ni jina la mtu mmoja.

Alikuwa Myao. Akiwa mtoto alikamatwa akauzwa, na mwaka 1861 akaokolewa pale David Livingstone na Askofu Mackenzie walipokutana na msafara wa watumwa katika nchi ambayo leo ni Malawi. Akalelewa misheni, na mwaka 1864 Livingstone akamchukua hadi India. Huko Bombay alisoma kwa wamisionari wa Kiskoti na akabatizwa mwaka 1865. Mwaka uliofuata alirudi Afrika na bwana wake, wakapanda mto Ruvuma. Kwa miaka saba akatembea. Mwaka 1872 walikaa miezi kadhaa Kwihara, jirani kabisa na Tabora ya leo, wakisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Walipofika, wakaelekea kusini, na huko Livingstone akafa, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873.

Hapo ndipo ningependa tutulie kidogo. Mzungu amekufa, mshahara hauna uhakika, pwani iko zaidi ya kilometa 1,500. Kumzika na kutawanyika kusingemshangaza mtu. Chuma, pamoja na Abdullah Susi ambaye wakati huo hakuwa Mkristo, na wenzao wote, waliamua kumrudisha kwao. Moyo wake waliuzika chini ya mti. Mwili wakaukausha juani kwa majuma mawili, wakaufunga kwa nguo na gamba la mti. Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akachonga jina la marehemu na tarehe kwenye shina. Wakamwomba Chitambo awe anafyeka nyasi pale, moto wa porini usije ukaula mti. Nabii Yeremia, sura ya 31, anazungumza na watu waliochukuliwa mbali, akiwaagiza wasimamishe alama barabarani ili njia ya kurudi isipotee. Sijui kama kule Bombay Chuma aliwahi kulisoma hilo. Alilitenda.

Sasa njia. Walipokwenda kusini walikuwa wamepita karibu na Ziwa Tanganyika, kwenye milima na makorongo yaliyowachosha vibaya. Waliijua. Wangeweza kuirudia kwa sababu hiyo tu. Hawakuirudia. Walishika upande wa mashariki, mbali na ziwa, wakapata nchi iliyo rahisi zaidi na yenye wanyama wa kuwinda. Ndugu yangu, ni mara ngapi tunarudi penye mateso kwa sababu tu tunapafahamu?

Tarehe 20 Oktoba 1873 Chuma aliingia Kwihara na wenzake wachache, wametangulia na barua. Pale alikuwapo Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Amechelewa, na homa imemshika. Alishauri mwili uzikwe hapo hapo. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: mbele kulikuwa na Ugogo, na msafara wenye maiti ungeweza kuzuiliwa. Aliyesema hivyo alikuwa na cheo. Waliosikiliza walikuwa wapagazi wenye njaa. Wakamjibu kwa heshima kwamba hapana.

Cameron hakukosea kuhusu hatari. Kasekera, mbele kidogo tu ya Unyanyembe, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Basi wakafunga mabua ya mtama yakaonekana kama maiti, wakawatuma watu sita wayabebe kurudi Unyanyembe, eti kwenda kuzika. Giza lilipoingia hao sita wakayatupa porini, wakarudi mmoja mmoja. Mwili wenyewe ulikwisha kufungwa upya kama mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida kama mingine. Hapo Mkristo anaweza kuuliza habari ya udanganyifu, na ni halali aulize. Mimi nawakumbuka wakunga wa Kiebrania mbele ya Farao, naliacha hapo.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Balozi akaupokea mwili, wapagazi wakalipwa, wakaachwa ufukweni. Livingstone alizikwa London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili. Katika wale waliotoka naye Chitambo aliyekuwapo ni Wainwright peke yake. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, kwa nauli ya James Young, rafiki wa marehemu, wakamsaidia Horace Waller kuelewa ramani na daftari zilizoachwa. Chuma akarudi kwenye kazi yake ya kuongoza misafara: mwaka 1875 na Askofu Steere kuelekea Ziwa Nyasa, kisha na Joseph Thomson, akapita tena Tabora. Alifariki Unguja mwaka 1882 kwa kifua kikuu, miaka thelathini na kidogo tu.

Mwaka 1899 mti wa Chitambo ulikatwa, kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Moto haukuwa umeula. Herufi zilikuwa bado zinasomeka.