Marehemu Seroney na Neno Lililotamkwa Kitini

Katika Bunge la Kenya la miaka ya sabini ilikuwako kanuni moja ambayo mawaziri waliipenda mno. Mbunge alipoishutumu Serikali, waziri aliinuka kwa jambo la nidhamu na kumtaka athibitishe. Kama hakuwa na ushahidi, alilazimika kuyafuta maneno yake na kuomba radhi. Hatusemi kwamba kanuni hiyo ilikuwa mbaya, kwani humlinda mtu asisingiziwe. Lakini ngao haichagui wa kumkinga, na mara nyingi aliyejificha nyuma ya hiyo alikuwa mkubwa asiyetaka kuulizwa. Tarehe 9 Oktoba 1975 ngao hiyo iliondolewa kwa dakika chache, na aliyeiondoa alikuwa ni mtu aliyekalia kiti cha Bunge lenyewe, marehemu Jean-Marie Seroney, Mbunge wa Tinderet na Naibu wa Spika.

Seroney alikuwa Mnandi. Alisoma Alliance na Makerere, akavuka bahari hadi Allahabad huko Uhindi, kisha akaenda London kusomea sheria. Aliporudi alikuwa wakili, wakati ambapo mawakili Waafrika nchini walikuwa wa kuhesabika. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1961 kwa upande wa chama cha KADU. Chama hicho kilipovunjwa mwaka wa 1964, alihamia KANU pamoja na wenzake, ingawa twaona kwamba fikira zake hazikuhama naye.

Hatutaki kumfanya malaika. Mwaka wa 1969 alitoa tangazo lililojulikana kama Azimio la Nandi Hills, akidai kwamba ardhi iliyokuwa ya walowezi katika nchi ya Wanandi ni mali ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi na akatozwa faini. Kisa cha madai hayo kilikuwa cha kweli, kwa kuwa Wanandi walinyang'anywa ardhi baada ya vita virefu na Waingereza, ambamo kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka wa 1905. Hata hivyo, tangazo lile liliwatia hofu pia maskini wa makabila mengine waliokuwa wakitafuta mahali pa kulima, na hao hawakumnyang'anya Mnandi kitu. Yafaa kulikumbuka hilo pia tunapomtaja.

Baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 1974, Wabunge wa viti vya nyuma walimtaka awe Naibu wa Spika. Serikali haikumtaka. Ilipoonekana kwamba angeshinda, kikao cha Bunge kilifungwa kwa amri ya Rais. Huenda wakubwa walidhani kwamba miezi michache ingepoza mambo. Bunge liliporejea Februari 1975, Wabunge walikuwa na nia ile ile, na Seroney akachaguliwa bila kupingwa.

Mwezi uliofuata nchi ilitikisika. Bw. Josiah Mwangi Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alitoweka jijini Nairobi tarehe 2 Machi. Bunge liliambiwa kwamba alikuwa Zambia, kumbe maiti yake ilikuwa imeokotwa katika vilima vya Ngong. Tangu siku hiyo Wabunge wengi hawakuyaamini tena majibu waliyopewa kutoka viti vya mbele. Waliunda Kamati Teule chini ya Bw. Elijah Mwangale, na taarifa yake ikaletwa mwezi wa Juni. Serikali ilitaka Bunge liitazame tu bila kuikubali. Bunge liliikubali, na Bw. Masinde Muliro, aliyepiga kura pamoja na walioikubali, alipoteza uwaziri wake, na mawaziri wadogo wawili wakapoteza vyeo kwa kosa hilo hilo.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwako Oktoba ilipofika. Bw. Martin Shikuku, Mbunge wa Butere, alisema katika mjadala kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Wa upande wa Serikali waliinuka mara moja, wakitaka athibitishe kwamba KANU imekufa. Seroney, akiwa kitini, aliamua kwamba jambo lililo dhahiri halina haja ya kuthibitishwa.

Twaomba msomaji aupime uamuzi huo kwa mizani ya sheria, si ya siasa tu. Tangu mkutano wa Limuru wa mwaka wa 1966, chama hicho kilikuwa hakijafanya uchaguzi wa viongozi wake wa taifa. Kila Mbunge aliyekuwa ameketi mle alilijua hilo. Kumtaka Bw. Shikuku alete ushahidi ni kama kumtaka mtu athibitishe kwamba mvua haijanyesha, hali wote wamesimama katika vumbi. Seroney hakutoa hotuba wala hakumtukana waziri yeyote. Alikataa tu kuiacha kanuni ya Bunge itumiwe kulinyamazisha Bunge. Wakubwa wa viti vya mbele waliondoka ukumbini kwa hasira.

Siku sita baadaye, tarehe 15 Oktoba, polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata Seroney na Shikuku. Hawakushtakiwa. Wala wasingeweza kushtakiwa, kwani sheria inayalinda maneno ya Mbunge yaliyotamkwa ndani ya ukumbi, na hakuna hakimu ambaye angeisikiliza kesi hiyo. Ndiyo sababu, kwa maoni yetu, ikatumiwa sheria ya kuzuia watu bila hukumu, isiyohitaji hakimu wala shahidi. Ni ajabu kwamba Serikali iliyomtaka Bw. Shikuku athibitishe neno moja haikulazimika kuthibitisha lolote ilipowafungia watu wawili. Mzee Kenyatta aliwaonya Wabunge waliobaki kwa mfano wa mwewe aliyeko angani, tayari kuwashukia vifaranga. Wabunge waliuelewa mfano huo vizuri sana, na mijadala ya miaka iliyofuata ikapoa.

Seroney alikaa kizuizini kwa miaka mitatu na karibu miezi miwili. Kwa mtu wa vitabu na mahakama, kuwekwa mahali pasipo kesi ya kujibu wala tarehe ya kutoka ni adhabu ya namna yake. Mzee Kenyatta alifariki Agosti 1978, na tarehe 12 Desemba mwaka huo Rais Moi aliwaachilia wafungwa wote wa kisiasa, Seroney na Shikuku wakiwamo.

Bw. Shikuku alirudi Bungeni katika uchaguzi wa mwaka wa 1979, akaendelea kuwauliza mawaziri maswali kwa miaka mingi hadi walipomzoea. Seroney hakurudi. Alifariki tarehe 6 Desemba 1982. Uwezo wa Serikali wa kumfungia mtu bila hukumu, uliotumiwa dhidi yake, uliondolewa katika sheria za Kenya mwaka wa 1997, miaka 15 baada ya yeye kuzikwa.