Kumfuta mwanafunzi machozi hakutoshi

Neno kocha, ambalo wapenzi wa kurasa za michezo hulisoma kila siku, limetoka mbali. Sisi tumelipokea kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata, kwa kupitia lugha nyingine za Ulaya, kutokana na jina la Kocs, kijiji cha nchi ya Hungaria kilichosifika kwa magari ya kukokotwa na farasi. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford walilitumia kwa mzaha kumwita mwalimu wa kukodiwa ambaye humbeba mwanafunzi mpaka akauvuka mtihani. Hivyo basi, kocha alikuwa mwalimu kabla hajawa mtu wa uwanjani.

Asili hiyo ya neno ndiyo inayonifanya niwasimulie wanafunzi wangu maisha ya Mmarekani Branch Rickey, aliyefariki tarehe 9 Desemba 1965 akiwa na umri wa miaka 83. Vitabu vya michezo humtaja kama meneja na msimamizi wa klabu kubwa za besiboli. Mimi nashikilia kwamba jambo kubwa kuliko yote aliyoyatenda lilianzia chuoni, alipokuwa kocha kijana wa wanafunzi wenzake.

Rickey alizaliwa tarehe 20 Desemba 1881 kusini mwa jimbo la Ohio, katika familia ya wakulima wa madhehebu ya Methodisti. Kabla ya kwenda chuoni alifundisha katika shule ya kijijini, huku akijisomea Kilatini peke yake. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hatacheza siku ya Jumapili, na ahadi hiyo aliishika hata ilipomponza: mwaka 1904 klabu ya Cincinnati ilimwacha kwa sababu hiyo.

Wakati huo alikuwa pia akiifunza timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huo, mmoja hurusha mpira mdogo, mwingine huupiga kwa gongo, kisha hutimua mbio kuvizunguka vituo vinne. Katika timu yake alikuwamo mwanafunzi mmoja tu mweusi, Charles Thomas.

Timu hiyo ilisafiri hadi mji wa South Bend, jimbo la Indiana, kucheza na Chuo Kikuu cha Notre Dame. Walipofika hotelini, karani aliwapokea wote isipokuwa Thomas, kwa kuwa hoteli haikulaza watu weusi. Rickey, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alibishana naye hadi Thomas akaruhusiwa kulala katika chumba cha kocha wake, juu ya kitanda kidogo cha kukunjwa. Mle chumbani, kwa mujibu wa masimulizi ya Rickey mwenyewe, Thomas aliketi akilia, akizisugua na kuzivuta ngozi za mikono yake kana kwamba weusi ungeweza kubanduka.

Kisa hicho Rickey alikisimulia maisha yake yote. Wapo wanahistoria wanaoshuku kwamba alikitia chumvi, maana alikuwa msemaji hodari aliyependa kuhubiri. Lakini kwamba Thomas alikuwapo, na kwamba urafiki wao ulidumu miaka mingi, si jambo la kubishaniwa. Thomas alihitimu, akawa daktari wa meno.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Wahenga wetu walinena kwamba tenda wema nenda zako. Methali hiyo hutufunza kutongojea shukrani, na kwa hilo ni nzuri. Aghalabu, hata hivyo, sisi walimu huitumia kujipa ruhusa ya kuondoka mapema. Tunampa mwanafunzi nauli, tunamnunulia daftari, tunamfuta machozi, kisha tunakwenda zetu. Nayo kanuni iliyomliza inabaki pale pale, ikimngoja mwanafunzi mwingine mwaka ujao. Kile kitanda cha South Bend kilimfaa Thomas kwa usiku mmoja tu. Hoteli haikubadilika, wala mchezo wenyewe haukubadilika.

Kanuni iliyowafungia weusi nje ya ligi kuu za besiboli ilikuwa ya ajabu, maana haikuandikwa popote. Moses Fleetwood Walker, Mmarekani mweusi, aliichezea Toledo mwaka 1884. Baada ya hapo mlango ukafungwa kwa zaidi ya miaka 60, bila sheria iliyochapishwa ambayo mtu angeweza kuipinga mahakamani. Mtu wa isimu huona katika jambo hilo kwamba kimya nacho ni kauli, tena kauli ngumu kuivunja kuliko ile iliyotamkwa.

Wala Rickey hakuwa malaika. Baada ya kusomea sheria na kuifunza timu ya Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia 1910 hadi 1913, alitumikia klabu za St. Louis kwa karibu miaka 30. Katika uwanja wa mji huo watazamaji weusi walitengewa sehemu yao, naye hakuubomoa utaratibu huo. Alijulikana pia kwa mkono wa birika katika kuwalipa wachezaji. Hata alipowachukua wachezaji weusi hakukosa kuona faida: alitaka kushinda na alitaka viti vijae. Klabu ya Kansas City Monarchs, iliyokuwa na Jackie Robinson, haikulipwa hata senti moja alipoondoka.

Na bado hakusahau. Alipokwenda kuiongoza klabu ya Brooklyn Dodgers mwishoni mwa 1942, alipata uwezo aliokuwa hana kule South Bend. Tarehe 28 Agosti 1945 alimwita Robinson ofisini mwake. Kwa muda wa saa tatu hivi, mzee huyo aliigiza mbele yake matusi yote yaliyokuwa yakimngoja: ya mchezaji wa timu pinzani, ya mhudumu wa mkahawa, na ya karani wa hoteli. Alimtaka aahidi kutolipiza kwa ngumi katika siku za mwanzo. Robinson, mtu asiyependa kuonewa, alikubali. Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani akiwa na jezi ya Brooklyn, na ile kanuni isiyoandikwa ikavunjika mbele ya macho ya watu. Uchungu wote wa kuvumilia aliubeba Robinson, si Rickey, na heshima ya kwanza ni yake. Tangu 1997 nambari yake, 42, haipewi mchezaji mwingine katika klabu yoyote ya ligi hizo.

Huenda mwalimu wa Kenya akauliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli ya kuwapeleka vijana wetu vyuoni Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa sahihi na Jackie Robinson, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walifika New York kwa ndege. Sidai kwamba Rickey ndiye aliyewapeleka. Nasema tu kwamba sahihi ya Robinson ilikuwa na uzito kwa sababu mlango mmoja ulikuwa umefunguliwa miaka 12 kabla, na aliyeushika ufunguo alikuwa amemwona mwanafunzi wake akilia.

Kati ya usiku ule wa South Bend na Aprili 1947 ilipita zaidi ya miaka 40. Ni muda mrefu mno, na mtu ana haki ya kumlaumu Rickey kwa kukawia. Hata hivyo, mwalimu wa leo hana haja ya kungoja kiasi hicho. Anakaa katika baraza la walimu. Anajua ni kanuni ipi ya shule inayomfukuza mtoto wa maskini darasani au inayomwaibisha mbele ya wenzake, na mara nyingi kanuni hiyo haikuandikwa popote. Nauli na ampe, machozi na amfute. Kisha, badala ya kwenda zake, na aiulize shule yake ni nani aliyeiweka kanuni hiyo, na kwa nini ingali ipo.