Maisha ya Bibi Ummu Habiba, na Nikaha Yake Katika Nchi ya Habasha

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliwatenga waume na wake wengi. Watu wa pwani na Wanyamwezi waliifuata mpaka Manyema. Wengine walirejea baada ya miaka, na wengine hawakurejea kabisa. Zama zile zimekwisha, na reli ilifika Tabora tangu mwaka wa 1912. Walakini jambo moja limebaki. Katika mji wa Tabora, na huko Isikizya iliyo makao makuu ya wilaya ya Uyui, kama ilivyo Unguja na Mombasa na Lamu, yuko mwanamke aliyekaa na mumewe miaka mingi, kisha nikaha yao ikakatika kwa mauti au kwa talaka, na watu wakamhesabu kuwa siku zake zimekwisha. Akiposwa huchekwa, na akiridhia hulaumiwa. Basi wenye kucheka na wenye kulaumu na waisome khabari ya Bibi Ummu Habiba, Mama wa Waislamu, ambaye nikaha yake ya pili ilifungwa katika bara hili letu la Afrika.

Jina lake ni Ramla, na baba yake ni Abu Sufyan bin Harb, mkubwa wa Makureshi wa ukoo wa Umayya. Mama yake ni Safiya binti Abil-As, shangazi yake Sayyidna Uthman bin Affan. Alizaliwa Makka, akakulia katika nyumba ya mali na amri. Akaolewa na Ubaidullah bin Jahsh, mtoto wa Umaima, shangazi yake Mtume (s.a.w.), na kwa binti yao Habiba ndiko alikopata jina la Ummu Habiba. Mume na mke walisilimu mapema, wakati Uislamu ulipokuwa ni wa watu wachache wenye kuudhiwa, na Abu Sufyan alikuwa miongoni mwa wakubwa waliowapinga Waislamu. Hivyo binti wa mkubwa wa Makka aliiacha nyumba ya baba yake kwa ajili ya dini yake.

Mateso yalipozidi, Waislamu wengi walivuka bahari kwenda Habasha, katika hijra ya pili, yapata mwaka wa 616. Najashi, mfalme wa nchi ile, aliwapokea kwa wema na akakataa kuwarudisha mikononi mwa Makureshi. Ubaidullah na mkewe walikuwa pamoja nao. Wakakaa ugenini miaka mingi; wala hawakuwa na kitu kilichowafunga pamoja ila nikaha yao na dini yao.

Kisha msiba ukamfika Bibi huyu kutoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ibn Saad na wengine wamepokea kuwa usiku mmoja alimwona mumewe katika ndoto akiwa na sura mbaya, akaamka kwa hofu. Kulipokucha Ubaidullah akamwambia kuwa ameutoka Uislamu na kuingia katika Unasara. Akamweleza ndoto yake, asijali. Akautaka mke amfuate, naye akakataa. Ubaidullah akaendelea na ulevi mpaka akafa huko huko Habasha.

Na itazamwe hali ya mwanamke huyu. Mume wa ujana wake alikwisha kumpotea kabla ya kufa. Makka hawezi kurudi, kwani baba yake ni adui wa dini yake. Yuko nchi ya watu, na binti mkononi. Wala hapakuwa na wa kumlaumu lau angalikata tamaa. Yeye alikaa eda yake kama ilivyoamriwa, akasubiri, wala hakutoka katika dini yake wala katika heshima yake.

Khabari zake zilipofika Madina, Mtume (s.a.w.) alimtuma Amri bin Umayya Adh-Dhamri kwa Najashi ili amposee. Eda ilikuwa imekwisha. Najashi akampeleka kijakazi wake aitwaye Abraha kumpa Bibi khabari ya posa, na kumtaka aweke wakili wa kumwoza. Bibi Ummu Habiba akafurahi furaha kubwa, akavua bangili zake mbili za fedha, na mapambo ya miguuni, na pete zake, akampa Abraha kwa bishara ile. Kisha akamtuma mtu kwa Khalid bin Said bin Al-As, akamweka kuwa wakili wake.

Hapa pana elimu kubwa. Khalid alikuwa jamaa yake wa ukoo wa Umayya, naye ni Mwislamu. Abu Sufyan alikuwa hai, lakini asiye Mwislamu hana uwalii juu ya Mwislamu. Imamu Shafii ameitaja nikaha hii katika kitabu chake Al-Umm kuwa ni hoja ya jambo hilo. Na jingine ni kuwa Bibi hakuozwa kwa siri wala kwa kunyamaza. Mwanamke aliyekwisha kuolewa huulizwa, na idhini yake ni kusema kwa ulimi wake, naye alisema.

Jioni Najashi akamwita Jaafar bin Abi Talib na Waislamu waliokuwako, akakhutubu, akatoa mahari kwa niaba ya Mtume (s.a.w.), dinari 400 za dhahabu. Khalid akakhutubu naye, akaozesha, akapokea mahari. Watu walipotaka kuondoka, Najashi akawazuia, akawajulisha kuwa kuwalisha watu chakula katika harusi ni mwendo wa Manabii. Chakula kikaletwa, wakala.

Mahari yalipomfikia, Bibi akamwita Abraha ampe dinari 50, kwani siku ile ya kwanza hakuwa na mali. Abraha akakataa, akamrudishia hata zile bangili, kwa amri ya mfalme. Akamletea manukato mengi kutoka kwa wake wa Najashi, akamwomba jambo moja tu: amfikishie Mtume salamu zake, na amjulishe kuwa yeye ameifuata dini yake. Bibi alipofika Madina, mwaka wa 7 wa Hijra (628), pamoja na Shurahbil bin Hasana, alizifikisha salamu zile, na Mtume akazijibu. Hata Abu Sufyan, aliyekuwa bado katika ushirikina, alipopata khabari ya nikaha ile hakuweza kumtia ila mkwewe. Alikiri kuwa ni mtu asiyekataliwa.

Mwaka uliofuata, Makureshi walipovunja mapatano ya Hudaibiya, Abu Sufyan alikuja Madina kutaka suluhu, akaingia nyumbani kwa binti yake. Alipotaka kukaa juu ya tandiko la Mtume (s.a.w.), Bibi akalikunja, akamweleza kuwa mshirikina hakai juu yake. Kisha Makka ikafunguliwa, na Abu Sufyan akasilimu. Alipokufa baadaye, siku ya tatu Bibi alitaka manukato akajipaka, si kwa kuyahitaji, bali kuwafundisha watu kuwa mwanamke hamkalii maiti matanga zaidi ya siku tatu, ila mumewe, miezi minne na siku kumi. Ni yeye pia aliyepokea hadithi ya rakaa 12 za sunna kwa mchana na usiku, wala hakuziacha tangu alipozisikia.

Alipokaribia kufa aliwaita Bibi Aisha na Bibi Ummu Salama, akataka wasameheane yale yanayopita baina ya wake wenza. Wakasameheana. Akafariki Madina mwaka wa 44 wa Hijra (664), katika ukhalifa wa ndugu yake Muawiya. Mwenyezi Mungu awe radhi naye.

Enyi ndugu, katika maisha haya mna mafunzo kwa wanaume kabla ya wanawake. Mwenye kumtaka mjane na amtake kwa mlango wa sharia: asimpose wazi naye yumo edani, asimzungukie vichochoroni wala asimpe ahadi za gizani, amwendee walii wake, ampe mahari yake, na alishe watu. Na walii asimzuie binti au dada yake kwa kuogopa maneno ya watu au kwa kutamani mali yake, kwani Mwenyezi Mungu amewakataza mawalii kuzuia katika Sura ya Al-Baqara. Na mtoto aliyetangulia si aibu. Bibi huyu aliitwa kwa jina la mtoto wa mume wa kwanza mpaka siku ya kufa kwake, ndani ya nyumba ya Mtume. Kukatika kwa nikaha si kukatika kwa heshima. Aliye na dada aliyekaa kimya nyumbani, Tabora au pwani, na amwulize leo alitakalo.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika njia iliyonyoka. Amin.