John Hunter na Jino Kichwani mwa Jogoo

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu si mvua. Maisha ya John Hunter yanatufunza tofauti hiyo.

Alizaliwa mwaka wa 1728 huko Long Calderwood, Uskoti, akiwa kitinda mimba wa watoto kumi. Shuleni hakung'ara. Mwaka wa 1748 alikwenda London kumsaidia kaka yake, William, aliyefundisha elimu ya viungo vya mwili. Huko, mkono wake ulijifunza mengi ambayo vitabu havikuwa vimempa. Baada ya kuhudumu jeshini kama daktari mpasuaji, alifanya kazi na mtaalamu wa meno, kisha akaandika vitabu viwili: cha mwaka wa 1771 juu ya meno ya binadamu, na cha 1778 juu ya maradhi yake. Alieleza jinsi ufizi unavyougua, na jinsi mfupa unaoshikilia jino unavyopungua hata jino likalegea.

Je, jino na nyama huunganaje? Kinywa cha mtu aliye hai hakiwezi kupasuliwa ili swali hilo lijibiwe. Hunter akamwendea jogoo. Alichukua jino la binadamu lililong'olewa papo hapo, akalipandikiza katika kilemba cha jogoo, ile nyama nyekundu iliyo utosini mwake. Majaribio mengi yalishindwa. Moja lilifaulu: baada ya kuuawa jogoo huyo, Hunter aliona mishipa ya damu imeliunganisha jino na nyama, mfano wa ufizi.

Hapo ndipo alipoteleza. Kutokana na ushahidi huo mchache, aliunga mkono kupandikiza meno ya mtu mmoja katika kinywa cha mwingine. Maskini, wengine wakiwa vijana wadogo, waling'olewa meno yao mazima kwa malipo ili matajiri watabasamu. Meno hayo hayakudumu. Baadhi ya waliopandikizwa waliugua, na ikashukiwa kuwa ni kaswende, Hunter hakukubali.

Alifariki ghafla tarehe 16 Oktoba 1793, akiwa mkutanini katika hospitali ya St George's. Aliacha mkusanyo wa vielelezo vipatavyo 14,000.

Watafiti wa leo hufunga uzi kwenye magego ya panya au mbwa, bakteria wakakusanyika, ufizi ukavimba na mfupa ukaliwa. Hivyo huyaona mabadiliko ya nyama na mfupa hatua kwa hatua. Hata hivyo, uzi huo huleta kwa muda mfupi maradhi ambayo kwa binadamu huchukua miaka, na panya si mtu.

Mwalimu anayesimulia habari za Hunter asiishie kwenye sifa zake. Awaulize wanafunzi: jogoo yule alithibitisha nini hasa? Alithibitisha yaliyotukia kichwani mwake tu. Yaliyosalia yalikuwa matumaini ya Hunter, na waliolipia matumaini hayo ni maskini waliobaki na mapengo.